Hesabu ya Watu Bila Ramani ni Nusu ya Habari

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, kila mtu aliyelala katika ardhi ya Tanzania alipaswa kuhesabiwa mahali pale alipolala. Matokeo yalipotangazwa, Taifa liliambiwa kwamba lina watu 61,741,120. Magazeti yaliichapa tarakimu hiyo kwa herufi kubwa, walimu wakaiandika ubaoni, na wanafunzi wakaikariri kwa ajili ya mitihani. Hapana ubaya wowote katika kuikariri. Ubaya huingia pale tarakimu hiyo moja inapodhaniwa kuwa ndiyo sensa yenyewe. Kwa maana hakuna kisima kinachochimbwa kwa ajili ya watu milioni 61, wala hakuna zahanati moja inayojengwa kwa ajili ya nchi nzima. Kisima huchimbwa mahali fulani, na watu wanaokitumia hutoka mahali fulani, kwa miguu, wakiwa na ndoo kichwani.

Jambo hili ni jepesi kulitamka, ingawa kulitekeleza kunahitaji jitihada. Mipango ya maendeleo isiyojua watu wanakaa wapi hasa, kitongoji kwa kitongoji na mtaa kwa mtaa, ni mipango ya kubahatisha, hata ikiwa inaijua barabara jumla yao. Na anayeumia kwa kubahatisha huko siku zote ni yule akaaye mbali na njia kuu.

Wastani huficha watu

Ikiwa idadi ya watu wa Tanzania itagawanywa kwa eneo la nchi kavu, jibu litakuwa watu wapatao 70 katika kila kilomita moja ya mraba. Jibu hilo ni sahihi kwa hesabu, lakini ni nadra kumpata mtu anayeishi katika hali hiyo. Katika Mkoa wa Dar es Salaam, wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, kila kilomita ya mraba ina zaidi ya watu 3,800. Katika Mkoa wa Lindi hawafiki 20. Mpango mmoja uliotungwa kwa kutazama wastani wa Taifa ungekuwa mdogo mno kwa mkoa wa kwanza na usiofikika kwa wakazi wa mkoa wa pili.

Hali kadhalika, mkoa nao una wastani wake unaoficha wilaya, wilaya huficha kata, na kata huficha vitongoji. Kila hatua ya kupanda juu hufuta jambo ambalo mpangaji wa mipango alitakiwa kuliona. Kwa hiyo takwimu za kina hutupatia tena kile ambacho kujumlisha kumekiondoa.

Aidha, takwimu huzeeka. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 Tanzania, ya 1978, milioni 17.5, ya 1988, milioni 23.1, ya 2002, milioni 34.4, na ya 2012, milioni 44.9. Kati ya 2012 na 2022 ongezeko lilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, kijiji kilichokuwa na watu 3,000 mwaka 2012 kingetazamiwa kuwa na watu wapatao 4,100 baada ya miaka 10. Lakini watu hawaongezeki kwa usawa kila mahali. Kijiji kilichovumbuliwa dhahabu huweza kuongezeka mara mbili au tatu, na kijiji kilichopoteza vijana wake kwa sababu ya ukame huweza kupungua. Anayezidisha kila kijiji kwa asilimia ileile atakosea kila upande.

Hesabu ya kituo cha maji

Yafaa kuchukua mfano mmoja ambao mwanafunzi yeyote anaweza kuukokotoa. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, uliokusudia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi karibu na makazi yake. Lengo hilo halikufikiwa. Baadaye Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kilicho wazi: kila mtu apate lita 25 kwa siku, kutoka katika kituo kisichozidi mita 400 toka kwenye nyumba iliyo mbali zaidi, na kila kituo kihudumie watu 250.

Msomaji na afikirie kijiji cha mfano chenye watu 3,000. Mpangaji anayejua jumla tu atagawanya 3,000 kwa 250, apate vituo 12. Bomba kubwa hupita katikati ya kijiji, karibu na ofisi na soko. Basi vituo vyote 12 vitajengwa hapo, kwa kuwa gharama ya mabomba itakuwa ndogo. Katika taarifa ya mwaka itaandikwa kwamba kijiji kile kimepata maji kwa asilimia 100.

Sasa ichukuliwe kwamba eneo la kijiji hicho ni kilomita za mraba 60. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 400 lina eneo la nusu ya kilomita ya mraba tu. Vituo 12, hata vikitawanywa kwa namna ambayo maduara yake hayaingiliani kabisa, havitafunika zaidi ya kilomita za mraba 6, yaani sehemu moja ya kumi ya kijiji. Ikiwa watu 2,300 wanaishi kitovuni na 700 wanaishi katika vitongoji viwili vilivyo umbali wa kilomita 4, basi watu hao 700 wamehesabiwa kuwa wana maji, na bado wanachota mtoni.

Kosa la upande wa pili nalo ni zito vilevile. Watu 250 wakitumia lita 25 kila mmoja wanahitaji lita 6,250 kwa siku, ambazo ni ndoo 312 hivi za lita 20. Ikiwa ndoo moja hujaa kwa dakika 2, bomba litafanya kazi kwa zaidi ya saa 10. Endapo idadi ya watu waliokizunguka kituo ni 500, na mpangaji anatumia takwimu za miaka 10 iliyopita, kazi hiyo itahitaji karibu saa 21. Foleni itaanza kabla ya alfajiri na kumalizika usiku wa manane, na wanaosimama katika foleni hiyo kwa kawaida ni wanawake na wasichana. Hivyo kosa la takwimu katika ofisi ya wilaya hugeuka kuwa kipindi cha kwanza alichokikosa mwanafunzi wa kike.

Nukta za Daktari John Snow

Fikira ya kuunganisha hesabu na mahali ina historia yake. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1854, kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho mjini London na kuua zaidi ya watu 600. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Alikusanya habari za vifo, akatia alama katika ramani kwa kila kifo mahali kilipotokea, na alama hizo zikasongamana kuizunguka pampu moja ya maji katika barabara iliyoitwa Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo uliondolewa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, lakini hoja ya Snow ilibaki.

Sehemu ya hadithi hiyo isiyosimuliwa mara nyingi ndiyo inayohusu zaidi mada hii. Karibu na pampu palikuwa na nyumba ya kuwatunzia maskini iliyokuwa na watu 535, na katika hao walikufa 5 tu. Palikuwa pia na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70, ambamo hakufa hata mmoja. Nyumba ya maskini ilikuwa na kisima chake yenyewe, na wafanyakazi wa kiwanda walikunywa pombe yao na maji ya kisima chao. Kama Snow asingejua ni watu wangapi walioishi na kufanya kazi katika majengo hayo, vifo 5 visingemwambia chochote. Huenda vingetoka katika watu 10, huenda katika 500. Idadi ya wagonjwa hupata maana inapowekwa juu ya idadi ya wakazi wa mahali palepale. Hata leo, afisa wa afya anayepokea taarifa ya wagonjwa 20 kutoka kata mbili hawezi kujua ni kata ipi iliyo hatarini zaidi mpaka ajue kila kata ina watu wangapi.

Vijiji visivyokuwamo katika ramani

Mfano wa karibu zaidi na wakati wetu unatoka Nigeria. Nchi hiyo ilifanya sensa mwaka 2006, na sensa iliyotarajiwa mwaka 2023 iliahirishwa. Katika majimbo yake ya kaskazini, ugonjwa wa kupooza kwa watoto, yaani polio, ulidumu kwa miaka mingi ingawa kampeni za chanjo zilirudiwa tena na tena. Wachanjaji walikuwa wakifuata ramani zilizochorwa kwa mkono na orodha za vijiji zilizokwisha pitwa na wakati. Kampeni ziliripoti mafanikio makubwa. Hata hivyo watoto waliendelea kupooza.

Picha zilizopigwa kwa setilaiti zilipotumiwa kuchora upya ramani za majimbo hayo, zilionyesha vitongoji vingi ambavyo havikuwamo katika orodha yoyote, na ambavyo wachanjaji hawakuwahi kuvifikia. Nyumba chache katikati ya mashamba au kambi ya wafugaji zilikuwa na watoto wasiojulikana na mpango, na kwa kuwa hawakujulikana, kukosa kwao chanjo hakukuonekana kama kasoro. Ramani mpya zilisaidia kuwapeleka wachanjaji huko. Pamoja na jitihada nyingine nyingi, Nigeria ilipata wagonjwa wake wa mwisho wa virusi vya asili vya polio mwaka 2016, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi hivyo.

Haifai kudhani kwamba setilaiti ndiyo iliyohesabu watu. Setilaiti huona paa. Haimwoni mtu aliye chini ya paa. Paa moja huweza kuwa ghala la mahindi, na lingine huweza kuhifadhi familia tatu. Kwa hiyo picha kutoka angani hazina budi kuunganishwa na hesabu iliyofanywa na karani aliyefika mlangoni na kuuliza. Hata sensa ina mipaka yake, kwa sababu hueleza mahali watu walipolala usiku mmoja. Kariakoo ya mchana, pamoja na wachuuzi na wateja wake, haifanani na Kariakoo ya usiku. Na mpangaji wa vyoo vya sokoni au wa vituo vya kuzima moto atakosea akitumia hesabu ya waliolala peke yake. Mfugaji anayehamahama na mvuvi anayefuata samaki wanahitaji ramani inayojua majira.

Mafunzo ya nyumbani

Tanzania yenyewe inayajua madhara ya kupanga makazi bila kuchunguza mahali. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni ya watu walihama katika miaka michache. Nia ya kuwasogezea shule, maji na zahanati ilikuwa njema, na shule nyingi zilijengwa. Lakini baadhi ya vijiji viliwekwa kandokando ya barabara kwa haraka, mbali na maji ya kutosha na mashamba yenye rutuba. Jumla ya watu ilijulikana; uhusiano wa watu hao na udongo, maji na mwinuko wa ardhi haukupimwa vya kutosha.

Funzo la pili linatoka Dar es Salaam. Mvua za Desemba 2011 zilileta mafuriko katika Bonde la Msimbazi na sehemu nyingine za jiji, watu wapatao 40 wakafa na maelfu wakaachwa bila makao. Mitaa mingi iliyozama ilikuwa imejengwa bila mpango, na ramani rasmi hazikuonyesha vichochoro, mitaro wala nyumba zake. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi uitwao Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wananchi wa mitaa yenyewe, walipita wakipima nyumba, mitaro na njia, na ndege ndogo zisizo na rubani zilitumiwa kupiga picha. Wazee wa mtaa walionyesha maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita. Hapo maarifa ya mkazi na chombo cha kisasa vilisaidiana, na kila kimoja kilisahihisha makosa ya kingine.

Hoja za wanaotia shaka

Wako wanaosema kwamba tatizo la wilaya nyingi ni uhaba wa fedha, na kwamba ramani haijengi zahanati. Ni kweli ramani haijengi. Lakini zahanati iliyojengwa mahali pasipofaa hugharimu sawasawa na iliyojengwa mahali panapofaa, na haiwezi kusogezwa. Mwenye shilingi chache ndiye anayehitaji zaidi kujua azitumie wapi.

Wengine husema kwamba maafisa wenye uzoefu wanalijua eneo lao bila kuhitaji takwimu. Uzoefu huo una thamani kubwa. Ila afisa huhamishwa, na anapohama huondoka na ramani yake kichwani. Isitoshe, sauti zinazosikika katika vikao ni za wanaoweza kufika vikaoni. Kitongoji kilicho umbali wa saa tatu kwa miguu hakina mjumbe kila Jumatatu. Takwimu iliyoandikwa hukisemea hata wasipokuwapo wenyewe.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili, na haipasi kupuuzwa. Mwaka 1941, Uholanzi ikiwa chini ya utawala wa Wanazi wa Ujerumani, maafisa wa jiji la Amsterdam walitayarisha ramani ya nukta kutokana na daftari la wakazi. Kila nukta iliwakilisha Wayahudi 10. Daftari lile lilikuwa limetunzwa kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu huo ulirahisisha kuwasaka. Zaidi ya Wayahudi 100,000 wa Uholanzi waliuawa katika vita ile. Nukta za Snow ziliokoa watu, nukta za Amsterdam zikawaangamiza, ingawa ufundi wa kuchora ulikuwa mmoja.

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba ukina wa takwimu lazima uendane na ulinzi wake. Sheria ya Takwimu ya Tanzania inakataza kutolewa kwa habari za mtu binafsi zilizokusanywa katika sensa, na katazo hilo halina budi kuheshimiwa bila udhuru. Mpangaji wa maji anahitaji kujua kwamba kitongoji kina watu 350, na kwamba 60 kati yao ni watoto wadogo. Hahitaji kujua majina yao, dini zao wala kabila zao. Jumla ya kitongoji na iwe wazi kwa wote. Habari za kaya moja zibaki siri.

Takwimu zirudi zilikotoka

Linalosisitizwa hapa ni kwamba takwimu za kina zisiishie katika makabati ya makao makuu. Kwa ajili ya sensa ya 2022 nchi iligawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu, makarani walitumia vishikwambi badala ya makaratasi, na majengo pia yakahesabiwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa fedha na muda wa wananchi, ambao walifungua milango yao na kujibu maswali. Ni haki yao kuona ramani ya kata yao imebandikwa katika ofisi ya kata, ikionyesha kila kitongoji na idadi ya wakazi wake, ili mkutano wa kijiji unapojadili mahali pa kujenga kisima, mabishano yaanzie kwenye jambo lililopimwa.

Wakati nao haungoji. Mtoto aliyehesabiwa akiwa mchanga mwaka 2022, akianza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 6, ataingia shuleni mwaka 2028. Mtoto huyo amekwisha kujulikana, na kitongoji chake kinajulikana. Darasa likikosekana siku hiyo, haitakuwa halali kusema kwamba ongezeko la wanafunzi lilikuja kwa ghafla.

Shule za sekondari zina nafasi yake katika kazi hii. Mwalimu wa jiografia na mwalimu wa hisabati wanaweza kushirikiana na kuwapa wanafunzi ramani ya kata, wakaweka nukta moja kwa kila watu 10 kwa kufuata jumla za vitongoji, bila jina la mtu yeyote. Kisha wachukue bikari, waifungue kwa kipimo cha mita 400 kwa mizani ya ramani, na kuchora duara kukizunguka kila kituo cha maji kinachofanya kazi. Nukta zitakazobaki nje ya maduara ndizo habari ambayo wastani wa wilaya haukuitoa. Karatasi hiyo ipelekwe kwa diwani, naye aulizwe kwa heshima: je, watu hawa wamo katika mpango?